Mtaa Usiouza Kitu

Mume wangu ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na mimi ndiye ninayempigia pasi mashati, kwa hiyo katika habari hii mimi ni shahidi wa kuaminika. Mtaa wetu uko pembezoni mwa mji. Juzijuzi tu palikuwa vichaka, leo kila ukipepesa macho unaona bati jipya. Pale lami inapokwisha na changarawe yetu kuanza, kimesimama kibao alichokiandika mume wangu kwa mkono wake mwenyewe: ENEO LA MAKAZI TU. BIASHARA HAIRUHUSIWI. Herufi zimenyooka sana. Nilimshikia kopo la rangi, sikatai.

Sasa sikieni tulivyokuwa tunaishi siku zile nyuma ya kibao hicho. Mwalimu mstaafu wa hesabu amejaza kuku wa mayai nyuma ya ukuta wake. Mhasibu, ambaye siku za kazi anavaa tai na kwenda ofisini mjini, kila mwisho wa wiki anavua tai na kunyoa watu barazani kwake. Na yuko Mama Mikate, ambaye jina hilo hakupewa bure. Tanuri lake likiwaka alfajiri, mtaa mzima unaamka na njaa. Lakini ukitaka mkate huendi getini kwake ukasema unataka mkate. Thubutu! Unabonyeza kengele, unasema umekuja kusalimia, na mkononi una kikapu kitupu. Unakaribishwa, unaulizwa hali ya watoto, unatoka na kikapu kimejaa, na mnaokutana nao njiani wanajifanya hamnazo. Mwenyekiti wetu amesalimia watu namna hiyo kwa miaka, na usingizi wake ni mnono.

Halafu kuna gereji yetu. Gari letu halijawahi kulala humo hata usiku mmoja. Humo kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi ya kilo nyingi na marobota ya kitambaa mpaka darini, maana humo anafanya kazi Mama Fundi. Mama Fundi anashona suti za kiume. Ufundi alifundishwa na marehemu mumewe, akaja kumpita, na marehemu mwenyewe alikuwa akikiri hivyo mbele ya wateja. Wanaume wa mtaa huu, na wa mitaa ya pili na ya tatu, wanakuja kumsalimia wakiwa na vitambaa kwapani. Na huyo Mama Fundi ni nani? Ni mama mzazi wa Mwenyekiti. Ni mama mkwe wangu.

Nitasema jambo ambalo baadhi ya wanawake wenzangu watanicheka: nampenda mama mkwe wangu. Nilipojifungua mtoto wa kwanza nikawa nalia bila sababu, yeye ndiye aliyekaa nami siku zile, akishona vifungo pembeni mwa kitanda, bila kuniuliza nalia nini. Nikiudhiwa naenda gerejini, nakaa kwenye kigoda, nasikiliza cherehani. Tukiishiwa maneno, ananipa pindo nifumue.

Basi, shari ilianza pale mwenye kiwanja cha kona alipobandika tangazo. Kiwanja hicho kilikuwa kitupu tangu mtaa uanze, kazi yake kubwa ikiwa kufuga mbu. Mwenyewe alitaka kujenga ghorofa nne: chini maduka, juu yake vyumba vya ofisi na zahanati, na juu kabisa nyumba za watu kupanga. Aliomba kibali, na idara ya mipango miji ikasema itamtuma afisa aje kusikiliza wakazi.

Mume wangu alirudi kutoka kusoma tangazo hilo akiwa amevimba. Hakunawa hata mikono.

"Maduka!" alisema mezani. "Leo duka, kesho kelele, keshokutwa hatuna mtaa tena. Na eti watu waishi juu. Juu ya duka, mama watoto! Nani anaishi juu ya duka?"

Mama alikuwa akichambua samaki wake taratibu. Alitoa mwiba, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Wewe," alisema.

"Mimi nini, mama?"

"Wewe ulizaliwa juu ya duka. Chini walikuwa wanauza kamba na misumari, sisi na baba yako tulikuwa na chumba cha kazi pembeni, na tunalala juu. Mkunga alipopanda ngazi, mwenye duka alifunga mapema ili pasiwe na kelele. Na bega lako hilo ulilitegua kwenye ngazi zilezile."

Watoto walimtazama baba yao kwa heshima mpya. Yeye alikohoa, akasema zama zile zilikuwa nyingine, akaomba maji.

Kesho yake Mama aliniita gerejini. Alikuwa amekunja tepu yake shingoni, na nikajua lipo jambo, maana akiwa na neno zito huwa hafanyi kazi huku anasema.

"Mwanangu, nimeongea na yule mwenye kiwanja. Chumba kimoja chini, mlango barabarani, na juu chumba na sebule. Nimemwambia aniwekee."

"Na kibali kikikosekana?"

"Kikikosekana nitarudi mjini. Yule fundi mwenzangu wa zamani ana nafasi karakanani kwake, na kitanda. Mimi nimechoka kufanya kazi mafichoni, kama vile naiba. Mteja akija hapa anatazama kushoto na kulia kwanza. Nimeshona maisha yangu yote, nataka mlango ambao mtu anauingia bila kusema uongo."

Mjini ni saa nzima barabarani, na barabara ikijaa ni mbili. Mtu wa umri wake akienda kule, utamwona siku za sikukuu. Nilirudi jikoni. Jioni nilimweleza mume wangu kila kitu, wazi, bila kuzunguka. Alinisikiliza akatabasamu, akasema wazee wana vitisho vyao, Mama hawezi kwenda popote, na suti yake mpya ya kumpokelea afisa je, iko tayari?

Ilikuwa tayari. Mama alimpima mara kadhaa, akaiongeza unene kidogo pedi ya bega la kulia, maana bega lile la ngazini halijawahi kukaa sawa na mwenzake. Akiivaa suti hiyo huoni bega lolote lililoshuka. Unaona mwenyekiti.

Sasa afisa akija asione nini? Hilo ndilo lililomnyima mume wangu raha. Aliita kikao cha kamati, akatoa amri: siku ya ugeni, biashara zote zifungwe. Hakutumia neno biashara, bila shaka. Alisema, "Ndugu zangu, Jumamosi hiyo tusisalimiane." Wote wakaelewa, na hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, nami nilikuwa nimesimama nyuma na birika.

Wakatii, tena wakatii kupita kiasi. Mwalimu aliwafungia kuku wake stoo yenye giza ili wadhani ni usiku. Mhasibu aliufunika ule mti wa kutundikia taulo kwa shuka la maua. Sisi tulizihamisha cherehani, moja chini ya kitanda chetu, ya pili chumba cha watoto, marobota yakaenda bafuni. Kisha mume wangu akaamua kwamba gereji sharti ionekane gereji. Akaingiza gari. Kwa kuwa hakuwa amewahi kufanya zoezi hilo, kioo cha pembeni kilibaki mlangoni na gari likaingia peke yake.

Asubuhi ya ugeni ndipo alipokumbuka chai. Afisa atakunywa chai na nini? Akanituma kwa Mama Mikate. Nilibonyeza kengele, nikainua kikapu.

"Leo hatusalimiani," alisema Mama Mikate kupitia upenyo wa geti. "Mwenyekiti mwenyewe kasema."

"Ni mikate ya Mwenyekiti mwenyewe!"

"Basi mwambie aniondolee amri yake, kwa maandishi, na agonge muhuri."

Kwa Mwalimu nilijibiwa vilevile, tena kwa sauti ya darasani. Maziwa hayakupatikana, sukari haikupatikana. Mtaa mzima wenye watu wa kula, na huwezi kununua hata kiberiti. Ikabidi mume wangu achomoe gari lililobaki na kioo kimoja, avae suti yake kabisa kwa sababu ya haraka, aende mjini kutafuta mkate wa kumthibitishia afisa kwamba hatuhitaji maduka. Nilimtazama akiondoka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Afisa alifika kabla yake. Alikuwa mama wa makamo, viatu vya kutembelea, mkoba begani, mtu asiye na maneno mengi. Mhasibu alimzungusha mtaani, akimwonyesha maua na utulivu. Kisha watu wote wakakusanyika uani kwetu, kama arobaini hivi, wamekaa wima kwenye viti vyao walivyokuja navyo. Niliwapa chai kavu isiyo na sukari. Waliipuliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Geti likafunguka, mume wangu akaingia na mikate miwili na jasho, akaenda moja kwa moja kusimama mbele. Afisa alimsalimu, akafungua mkoba wake, akatoa kalamu.

"Mimi nataka kuelewa tu mnavyoishi," alisema. "Kwa mfano, mkate mnanunua wapi?"

"Mjini," alisema Mama Mikate. Alikuwa na unga kwenye nyusi.

"Na kunyoa?"

"Mjini," alisema Mhasibu, na karibu wanaume wote waliokuwepo wakatikisa vichwa alivyowanyoa yeye.

Wakati huohuo, kule stoo, kuku mmoja alitambua kwamba si usiku. Alitaga, na akataka ulimwengu ujue. Wenzake wakamuunga mkono.

"Na mayai?" aliuliza afisa.

Mwalimu alifungua kinywa, akakifunga. Alitazama chini, akatazama ukuta wake. Tulimsubiri. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeombwa asaini hati ya kuwakana watoto wake.

"Mjini," alisema mwishowe, kwa shida.

"Na hao ninaowasikia?"

"Hao tunawafuga kwa sababu tunapenda sauti zao."

Afisa aliandika. Sijui aliandika nini hapo, natamani kujua. Kisha akamgeukia mume wangu, akamtazama juu mpaka chini, si kwa hila, kwa jicho la mtu anayejua kitu kizuri akikiona.

"Mwenyekiti, suti hii imekukaa. Nayo je, ume..."

"Mjini," alisema mume wangu.

Hakumwacha hata amalize. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Watu waliovaa kazi ya mikono yake, na walikuwa wengi pale uani, waliinamisha nyuso kwenye chai yao. Mama aliliweka sinia chini. Alitembea mpaka kwa mwanawe, akauona uzi wa kushikizia uliokuwa umesahaulika kwenye mkono wa koti, akauvuta polepole ukatoka wote. Akamsalimu afisa, "Karibu sana," akaingia ndani.

Afisa alifunga mkoba. Alisema kama mahitaji yetu yote yako mjini na tumeridhika, yeye haoni sababu ya maduka hapa, na ndivyo atakavyoandika, labda apate maoni mengine kufikia Jumatano. Akaaga. Watu walipiga makofi, lakini makofi yenyewe yalikuwa ya baridi, na kila mtu akabeba kiti chake akaondoka bila soga.

Nilimkuta Mama chumbani kwake akikunja nguo. Alikuwa na sanduku wazi kitandani, na mkasi wake mkubwa alishauviringisha kwenye kipande cha flaneli.

"Unafanya nini, Mama?"

"Mwanangu amesema suti ilishonwa mjini," alisema. "Naenda mjini, nisimfanye mwongo."

Nilicheka, kisha nikaona hachezi, na kicheko kikageuka kilio pale pale. Nilimwambia hawezi kuniacha. Nilimwambia nitaongea na mumewe, nikimaanisha mume wangu, maana nilikuwa nimechanganyikiwa. Alinipangusa uso kwa kanga aliyokuwa anaikunja, kisha akaendelea kuikunja.

Nilitoka nikamkuta Mwenyekiti sebuleni amelegeza tai, anakula mkate wa mjini. Nikampa vidonge vyake. Sitarudia yote niliyomwambia, kwa kuwa watoto wangu wanajua kusoma. Mwisho nilimwambia, "Mama yako anafunga sanduku," na hapo mkate ukamkwama. Alikwenda chumbani kwa mama yake, nami nikamfuata nikasimama nje ya mlango. Sikutega sikio. Mlango ulikuwa wazi na masikio yangu ni mazima.

"Mama, nisamehe. Nilidanganya."

"Sikukasirikia uongo," alisema Mama. "Uongo ndiyo kazi kubwa ya mtaa huu. Lakini Mwalimu alisita kabla ya kuwakana kuku wake. Wewe hukusita."

Kisha nikasikia kitu nilichokuwa sijakisikia tangu tuoane, mume wangu akilia. Alilia vibaya, kwa kwikwi, kama mtu asiye na uzoefu. Mama hakumnyamazisha. Alimngoja amalize, akamwambia, "Mimi umeshaniomba, na nimesikia. Lakini hukunikana mbele yangu peke yangu." Akaendelea kufunga sanduku.

Jumapili, jua halijawa kali, Mwenyekiti alitoka kwa miguu. Nilimfuata, maana nilimwamini nusu. Mpango wake ulikuwa aende nyumba kwa nyumba awaambie watu ukweli: kwamba suti ilishonwa na mama yake, gerejini kwake, na kwamba yeye sasa anaunga mkono jengo la kona, na kama nao wanalitaka, Jumatano waende kusema. Alikuwa ameyakariri maneno hayo. Shida ni kwamba hakuna geti la mtaa huu unaloweza kufika ukatoka mikono mitupu.

Kwa Mhasibu alianza hotuba akiwa amesimama. Mhasibu, kwa mazoea, alimkalisha kwenye kiti, akamfunga shuka la maua shingoni, akawasha mashine. "Endelea, nakusikiliza," alisema. Hotuba ilipokwisha, nusu ya kichwa ilikuwa tayari. Mhasibu alikiri kwamba yeye hana tatizo na jengo, tatizo lake ni moja tu, kwamba bosi wake wa ofisini asijue. Wakajadili hilo mpaka nusu ya pili ikaisha.

Kwa Mwalimu alipewa mayai kabla hajafungua kinywa. Mwalimu alisema kwamba tangu jana hajala vizuri, kuku wanamtazama. Kuhusu jengo alikuwa na swali lake la hesabu: magari yote hayo yataegeshwa wapi, na kivuli cha ghorofa nne kitaangukia bustani ya nani? Mume wangu alisema hilo ni swali la kumuuliza afisa. Mwalimu akasema basi atakwenda, kwa kuwa maswali mazuri hayatumwi kwa mtu.

Mama Mikate ndiye aliyemtoa jasho. Alifungua upenyo wa geti, macho mawili yakatokea.

"Umekuja kufanya nini, Mwenyekiti?"

"Nimekuja kusali..."

"Sema vizuri."

Mume wangu alitazama barabara. Majirani wawili walikuwa wanapita.

"Nimekuja kununua mkate."

"Sijasikia. Tanuri linanguruma."

"Nimekuja kununua mkate!" alisema kwa sauti iliyofika mpaka kona. Geti likafunguka lote. Mama Mikate alikuwa amesimama na mikono kiunoni, na nilidhani atacheka, lakini alikuwa akipangusa macho kwa aproni.

"Miaka yote hii naamka usiku," alisema, "na hakuna mtu aliyewahi kunitamkia kwamba nina kitu cha kuuza."

Mume wangu alirudi nyumbani amenyolewa, ana trei la mayai, mikate mitatu, kopo la asali na kiatu kilichoshonwa upya ambacho hakikuwa chake. Mama alikuwa barazani na sanduku lake, akingoja jirani mmoja aliyeahidi kumpa lifti. Alimtazama mwanawe na mizigo yake yote.

"Umekwenda sokoni?" aliuliza.

"Nimekwenda kuwaambia watu nani alishona suti yangu."

"Wakasemaje?"

"Wamesema wanajua, mama. Wote wamesema wanajua."

Mama alifikiri. Alisema, "Basi nitangoja mpaka Jumatano." Hakulifungua sanduku. Lilikaa barazani siku zote hizo, nami kila nikifagia nilifagia kulizunguka, roho mkononi.

Jumatano tulijaa kwenye ofisi ya mipango miji mpaka mlinzi akauliza kama kuna msiba. Mume wangu alisema mwenyewe, mbele ya wote, kwamba tulimdanganya afisa. Alisema suti ile ilishonwa na mama yake mzazi, akamshika Mama mkono na kumleta mbele, na safari hii sauti yake ndiyo iliyositasita, si kwa kutafuta uongo.

Afisa alivua miwani. "Kwa hiyo yale yote mliyoniambia yalikuwa uongo?"

"Yote," alisema Mwalimu, "isipokuwa kuhusu sauti za kuku."

Afisa alijitahidi sana kubaki afisa. Aliinama kwenye droo kwa muda, mabega yakitikisika, akarudi na kalamu. Kisha akawasikiliza mmoja mmoja, waliokubali na waliokataa, maana wapo waliokataa, na si wajinga. Jirani wa nyuma alisema kivuli kitaua mboga zake, na akaonekana ana haki. Kibali kilipotoka, ghorofa nne zilikuwa tatu, na maegesho yamepelekwa nyuma ya jengo. Jirani mmoja mpaka leo hajakubali hata kidogo. Kila asubuhi yeye ndiye wa kwanza dukani kwa Mama Mikate, humohumo jengoni, akimweleza kila anayefika baada yake jinsi jengo hili lilivyoharibu mtaa.

Ujenzi ulichukua zaidi ya mwaka. Mama alishona gerejini mlango ukiwa wazi kabisa, na kila jioni alikwenda kona kuwasimamia waashi, ambao hawakuwa wameomba msimamizi. Nami nilifurahi, nikahesabu kwamba nimeshinda. Mama hakwenda mjini. Ndivyo nilivyojiambia mpaka siku ile alipoanza kuhamisha sufuria zake, ndipo akili ikanijia: kumbe nilipigana mwaka mzima ili aondoke nyumbani kwangu. Nilimbebea vyombo. Kwenye ngazi za jengo jipya nilikaa chini nikalia, na kaango nimelipakata. Mama alinipita na mto wake kichwani.

"Unalia nini na wewe? Dirisha langu linaliona jiko lako. Ukiunguza maharage nitajua kabla yako."

Alitualika wiki iliyofuata. Hakutuambia tupitepite, alitualika, siku na saa. Chini, kwenye mlango wa kioo wa chumba chake cha kazi, watu wazima walikuwa wakiingia na vitambaa mikononi, mchana, bila kutazama kushoto wala kulia. Tulipanda. Mume wangu alibisha hodi. Tulisikia hatua zake Mama, hazikuwa na haraka.

"Karibuni kwangu," alisema.

Nilimjua mama huyu miaka yote ya ndoa yangu, na neno hilo, "kwangu", sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alikaa kwa baba yake, akakaa kwa mumewe, mumewe alipofariki akakaa kwa shemeji yake, kisha akakaa kwetu. Nyumba yetu aliisafisha, alipokea wageni wetu, alilea watoto wetu, na siku zote alisema kwenu. Sikuwahi kuligundua hilo, kwa kuwa lilikuwa neno la adabu.

Mume wangu aligundua. Niliona. Mtu huyu huingia nyumba yoyote ya mtaa kabla hajamaliza kubisha, akatafuta kiti kizuri akakaa. Sasa alivua viatu, akavishika mkononi, akabaki amesimama kizingitini mwa mlango wa mama yake, akingoja kuambiwa akae wapi. Mama alimwacha asimame kidogo. Kisha akamwonyesha kiti cha karibu na dirisha, akamwambia asiegemee ukuta, rangi haijakauka.